Uluguru, Magamba au Mwanihana: mlima gani wa kulala kwa mtazama ndege wa Dar

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye darubini na wikiendi mkononi ana milima mitatu iliyo ndani ya uwezo wake: Uluguru juu ya mji wa Morogoro, msitu wa Magamba juu ya Lushoto kwenye milima ya Usambara, na Mwanihana ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Yote mitatu ni ya Tao la Mashariki, safu kongwe ambazo misitu yake imetengana kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba kila safu ina viumbe wake wasiopatikana kwingine duniani. Sababu ya kwenda ipo kila upande. Shida ni kwamba wengi huchagua kwa picha za mtandaoni, wakatoka mjini alfajiri, wakaingia msituni saa nne asubuhi, wakaukuta kimya, wakarudi wakisema ndege hawakuwapo.

Walikuwapo. Msitu wa mlimani huanza kuimba kama nusu saa kabla ya jua kuchomoza, ukachangamka kwa saa mbili au tatu, kisha ukatulia. Kuanzia saa nne hivi wingu hupanda kutoka bondeni na mara nyingi kufikia saa sita limeshafunika mgongo wa mlima, na darubini haionyeshi kitu zaidi ya weupe. Ndiyo maana ya kulala huko juu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mlima upi una ndege wengi, uliza: saa 12 asubuhi nitakuwa nimesimama wapi?

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, na kwetu ndicho kizito kuliko vyote, ni umbali kati ya mahali unapolala na msitu wenyewe. Kitanda kizuri kilicho mwendo wa saa mbili kutoka kwenye miti kinakunyang'anya asubuhi nzima.

Cha pili ni saa za barabarani. Wikiendi ya mfanyakazi wa Dar ni kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku, na kila saa ya basi inakatwa kwenye saa za msituni.

Cha tatu ni mita za kupanda ukiwa na mzigo. Mtu wa pwani anaanzia usawa wa bahari, na hema, maji na chakula vinafika kilo 12 kirahisi.

Cha nne ni ndege wenyewe: wepi ni wa pale tu, na je, mtu wa kawaida anaweza kuwaona au atawasikia tu?

Cha tano ni maji, baridi na mvua. Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Alfajiri ya Julai ambayo Dar ni nyuzi 19, kwenye kilele cha mita 2,100 inakaribia nyuzi 7, na upepo ukivuma mwili unahisi chini ya hapo. Mtu aliyezoea kulala na feni Sinza asilichukulie hili kwa wepesi.

Cha sita ni vibali. Uluguru na Magamba ni hifadhi za mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS); Mwanihana iko chini ya TANAPA. Kote unalipa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu, si fedha mkononi, na kote Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa kwa sababu kiwango cha raia na cha mgeni havifanani. Ofisi za milimani Jumamosi asubuhi huwa na mtu mmoja au hazina mtu kabisa. Maliza malipo na utafutaji wa kiongozi kufikia Alhamisi.

Uluguru: Morningside, Bondwa na Lupanga

Safari. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, Uluguru umekuwa mlima wa karibu kuliko mingine yote kwa mtu wa Dar. Treni inachukua takriban saa mbili hadi Morogoro, na stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo hesabu bajaji au bodaboda hadi mjini. Kwa gari ni chini kidogo ya kilomita 200, lakini malori ya Chalinze yanaweza kuzigeuza kuwa saa tano. Ukikata tiketi ya treni ya asubuhi ya Jumamosi na ya kurudi Jumapili jioni, unapata usiku mmoja kamili mlimani bila kuomba ruhusa kazini. Hakuna mlima mwingine kati ya hii unaokupa hilo.

Kupanda. Mji wa Morogoro uko karibu mita 500. Hapo njia zinagawanyika kwa uzito. Ya kwanza inapita kwenye mashamba ya Waluguru, mboga na migomba kwenye miteremko mikali, hadi Morningside, penye jengo la zamani la enzi za Wajerumani. Kwa mguu ni saa mbili hadi tatu. Asubuhi yake unaendelea kuelekea Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, na msitu unaanza chini ya saa moja kutoka hapo. Ya pili ni Lupanga, unaozidi mita 2,100. Huo ni mlima wa jasho: zaidi ya mita 1,600 za kupanda kwa siku moja, saa tano au sita ukiwa na mzigo, na sehemu ya juu unashika mizizi kwa mikono. Mvua ikinyesha, udongo wake mwekundu unateleza kiasi kwamba kushuka kunaweza kuchukua muda uleule wa kupanda.

Kulala. Morningside pana sehemu tambarare ya hema na maji yako karibu, ya kuchemsha au kutia dawa. Lupanga hakuna maji kwenye mgongo wa mlima: beba lita nne kwa kila mtu toka chini, na hakikisha kibali chako kimetaja kulala, maana kibali cha kupanda na kushuka hakikufuniki usiku. Nafasi ya hema kileleni ni finyu na upepo hauna kizuizi.

Ndege. Hapa ndipo Uluguru unapojitetea. Chozi wa Loveridge, Cinnyris loveridgei, ndege mdogo mfyonza nekta, hayuko mlima mwingine wowote, na bado ni rahisi: simama kwenye ukingo wa msitu juu ya Morningside, penye maua, jua likianza kupiga, na umpe dakika 20. Kipwe wa Uluguru, Malaconotus alius, ni habari nyingine. Mgongo wa kijani, tumbo la njano, kofia nyeusi, na anakaa kwenye matawi ya juu kabisa, mita 20 na zaidi, tena upande wa Uluguru Kaskazini tu. Watu wengi humsikia na kuondoka. Nafasi ya kumwona ni pale kundi mchanganyiko la ndege linapopita juu. Acha kutembea, egemea mti ili shingo isichoke, na fuatilia kinachosogea polepole na kizito kati ya wadogo wanaorukaruka. Chini kabisa, kwenye vichaka vizito, kuna Scepomycter winifredae, ndege mdogo mwenye kichwa cha rangi ya kutu, dume na jike wakipokezana wimbo. Huyo anatafutwa kwa masikio. Kaa chini, usisimame.

Kinachoharibu. Kosa la kawaida ni kuchanganya Lupanga na ndege katika Jumamosi moja. Unafika kileleni saa kumi alasiri umechoka, ukungu umeshatanda, asubuhi unaamka ndani ya wingu na ndege waliokuleta wako mita 500 chini yako. Lupanga ni safari nzuri kwa mpandaji. Mtazama ndege apige hema chini yake. La pili ni upande wa mlima. Miteremko ya mashariki hupokea mvua nyingi zaidi kuliko ile ya juu ya mji, kwani pepo za bahari hutua kwanza upande huo, na ndiko Mto Ruvu unaotunywesha Dar unakoanzia. Anga safi ukiwa Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, haikuambii lolote kuhusu hali ya nyuma ya mgongo.

Unamfaa nani. Mwenye usiku mmoja, asiye na gari, anayetaka angalau ndege mmoja wa kipekee kwa uhakika. Pia kundi lenye watu wa viwango tofauti: wenye nguvu waende Bondwa, waliochoka wabaki ukingoni mwa msitu na bado waone kitu.

Magamba: juu ya Lushoto

Safari. Hapa ndipo Magamba unapopoteza alama. Basi la Lushoto kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, linameza mchana mzima: Chalinze, Segera, Mombo, kisha kilomita 33 za kona kupanda hadi Lushoto. Ukitoka Jumamosi asubuhi unafika jioni na Jumapili unatakiwa barabarani tena mapema. Mabasi ya usiku ya kwenda Moshi na Arusha hupita Mombo, ila yatakushusha saa tisa usiku ukasubiri usafiri wa kupanda. Chukua Ijumaa au Jumatatu ya mapumziko. Kulazimisha usiku mmoja ni kulipia basi.

Kupanda. Lushoto uko karibu mita 1,400, na msitu wa Magamba unaanza karibu mita 1,650 hadi zaidi ya 2,200. Maana yake gari limeshakufanyia sehemu kubwa ya kazi. Kutoka mjini hadi kijiji cha Magamba ni kilomita chache za barabara, na ndani ya msitu kuna njia pana za zamani zinazopanda taratibu. Magoti yanapumua. Anayetaka mwendo wa kweli huunganisha msitu huu na matembezi ya siku tatu kuelekea Mtae, kwenye ukingo wa kaskazini unaoangalia mbuga za Mkomazi; ila njia hiyo hupita zaidi kwenye mashamba na vijiji, ndege wa msitu wakibaki vipande vipande.

Kulala. Kwa alfajiri, Magamba ndiyo starehe. Unaweza kupiga hema ndani ya hifadhi, au kulala chumbani kijijini na kuwa chini ya miti kwa dakika 15 za kutembea. Mvua ikipenya hema, nyumba ipo. Maji yapo. Baridi pia ipo: Juni hadi Agosti asubuhi huingia nyuzi za tarakimu moja, na unyevunyevu wa msitu hupenya nguo za pamba. Koti zito la mtumba kutoka Karume linatosha kabisa. Halihitaji kuwa la wapanda milima, linahitaji kukauka.

Ndege. Wa hapa pekee ni Sheppardia montana, ndege mdogo wa kahawia anayekaa karibu na ardhi mahali penye giza. Ukimtafuta kwa kupita njiani utamkosa. Tafuta safu ya siafu. Ndege wa ardhini huifuata ili kuokota wadudu wanaokimbia, na mtu aliyesimama hatua tano pembeni ya safu, suruali ikiwa ndani ya soksi, anaweza kuona kwa dakika 10 ndege ambao wengine huwatafuta siku tatu. Ndege mwingine wa milima hii, Turdus roehli, anayepatikana Usambara na Pare tu, ni rahisi zaidi: alfajiri huokota kwenye njia zenyewe, kwa hiyo yule anayetangulia mbele ya kundi ndiye anayemwona. Juu kwenye miti kuna shorobo mwenye mabawa mekundu, ambaye wengi humwita kulukulu, na mnana wa Tao la Mashariki, Ploceus nicolli, anayepanda matawi kama anayekagua gome, tabia ambayo hukuitegemea kwa mnana. Huyu wa mwisho yupo pia Uluguru na Udzungwa, lakini kingo wazi za Magamba humfanya aonekane bila kuvunja shingo.

Usiku nao unahesabika hapa kuliko kwingine. Tembea polepole na tochi ya kichwani kando ya njia ukimulika ncha za vijiti na majani: kinyonga akilala hupauka na kung'aa kwenye mwanga, na Usambara ina aina kadhaa ambazo ni zake. Kelele ya kutisha utakayoisikia, inayopanda kama mlango mbovu hadi kuwa yowe, ni perere. Ni mnyama wa ukubwa wa sungura na hana shida na mtu.

Kinachoharibu. Watu. Msitu umezungukwa na mashamba na barabara, na Jumamosi pikipiki huanza mapema. Ingia ndani angalau nusu kilomita kabla ya kuanza kusikiliza. Cha pili ni kuridhika: kwa kuwa njia ni rahisi, watu hutembea kilomita 12 asubuhi na kuona kidogo, wakati aliyekaa sehemu mbili tu zenye mti uliozaa matunda ameona mara mbili yao.

Unamfaa nani. Mtazama ndege wa mara ya kwanza, familia, mwenye goti bovu, mpiga picha anayehitaji mwanga wa kingo za msitu, na yeyote anayetaka kulala mlimani bila kulazimika kuteseka ili ahesabiwe.

Mwanihana: Udzungwa

Safari. Barabara ya Morogoro hadi mji wa Mikumi, ukikatiza Hifadhi ya Mikumi ambako mwendo hupunguzwa kwa ajili ya wanyama, kisha kusini kama kilomita 60 kupitia Kidatu hadi Mang'ula, makao makuu ya hifadhi. Mabasi ya Ifakara yanapita mlangoni. Hesabu siku ya kwenda na siku ya kurudi.

Kupanda. Njia ya kilele cha Mwanihana ni kilomita 38 kwenda na kurudi, na hupangwa kwa siku tatu, usiku mbili. Unaanza chini, kwenye mita 300 hivi, penye joto la bonde la Kilombero, unamalizia juu ya mita 2,100. Ukiongeza safari, ni siku tano. Anayesema ataifanya kwa usiku mmoja anazungumzia mbio, na mbio hazina ndege.

Thamani yake iko kwenye jambo moja ambalo milima mingine miwili imeshalipoteza: msitu haukatiki. Uluguru na Usambara mashamba yamekula miteremko ya chini na kuacha kofia ya msitu juu. Hapa paa la miti linaanzia barabarani na kupanda bila pengo hadi kileleni, na ndege hubadilika kadiri unavyopanda. Kila kambi ni orodha mpya.

Kulala. Ndani ya msitu wenyewe, kwenye kambi za njiani, umbali wa kitanda na ndege ukiwa sifuri. Kwa kigezo chetu cha kwanza hakuna kinachoishinda. Maji ya vijito yapo kwenye sehemu kubwa ya njia, lakini yanapungua kuanzia Agosti. Muulize askari kambi ipi ina maji wiki hiyo kabla hujapanga chupa. Chakula ni cha siku tatu, na uulize mapema kama askari anajibebea chakula chake au mnapika pamoja. Moto wa kuni msahau. Jiko dogo la gesi.

Ndege. Chozi wa Udzungwa mwenye mabawa ya rangi ya kutu, Cinnyris rufipennis, alielezwa na wanasayansi miaka ya 1980 kutoka msitu huu huu wa Mwanihana, na ndiye wa kumtafuta. Hondohondo wakubwa hupita asubuhi kwa mlio wa mabawa unaosikika kabla hujawaona. Watu wengi huja wakiwa na ndoto ya kwale wa Udzungwa, ambaye sayansi ilimjua 1991. Huyo aliripotiwa misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu, sehemu za mbali za safu hii, na njia ya Mwanihana si mahali pake. Badala yake kuna nyani na mbega ambao huwezi kuwapata kwingine: mbega mwekundu wa Udzungwa, na nyani wa Sanje aliyetambuliwa na sayansi 1979.

Kinachoharibu. Tembo. Wamo msituni, pamoja na nyati, na kwa sababu hiyo hutembei bila askari mwenye silaha, wala hutembei gizani. Alfajiri yako ni kuzunguka kambi, si kupanda. Hili si hasara ukilipanga: chagua kukaa kambini hadi saa mbili asubuhi ndipo muanze mwendo, na umwambie askari hivyo siku ya kwanza, maana makundi mengi humtaka awahi na yeye ataandaa kuwahi. Jambo jingine ni msimu. Mang'ula mvua yake ni ndefu moja, kuanzia Novemba hadi Mei, hivyo Januari na Februari, ambayo Uluguru na Lushoto ni nafuu, huku ni matope.

Na ukilala Mang'ula mjini ukapanga kuingia asubuhi? Maporomoko ya Sanje, mita 170, ni matembezi mazuri ya nusu siku, lakini malipo, askari na kuanza mwendo vitakula alfajiri yote. Ukiwa na usiku mmoja tu, huo haukuwa usiku wa mlimani.

Unamfaa nani. Mwenye likizo, miguu iliyozoea, na kundi la watu wanne au watano la kugawana gari na wapagazi. Na mtu anayependa msitu zaidi ya orodha.

Vifaa, kwa kifupi pale inapowezekana

Darubini ndiyo inayoharibu safari nyingi. Ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 inauzwa kwa wingi mjini na inafaa ufukweni Kunduchi. Chini ya miti ni giza. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza: 25 kwa 10 ni milimita 2.5 za mwanga unaoingia jichoni, wakati 8x42 hukupa zaidi ya 5. Alfajiri msituni mboni yako imefunguka na inautaka mwanga wote huo. Ukuzaji wa 8 pia hautikisiki sana mikononi mwa mtu anayehema. Usilale nayo ndani ya begi la kulalia kwa kuionea huruma: unyevunyevu wa mwili ukiingia ndani ya darubini isiyozibwa vizuri, baridi ya asubuhi huugeuza ukungu ndani ya lenzi kwa dakika zile ulizozifuata. Iache kwenye mfuko uliofungwa, nje ya begi, ndani ya hema.

Simu itumike kurekodi sauti. Rekodi sekunde 30 za mlio usioujua, kisha ulinganishe mchana. Programu za kutambua ndege zipakue mjini kwa sababu mtandao wa msituni hauaminiki. Usimchezee ndege wimbo wake ili aje, hasa kuanzia Septemba hadi Januari wakati wengi wanazaa. Ndege mwenye mlima mmoja tu duniani hana pa kuhamia ukimchosha.

Kwa miezi, chaguo letu kwa milima yote ni Septemba na mwanzo wa Oktoba. Juni hadi Agosti pakavu lakini baridi na nyimbo chache. Machi hadi Mei usiende.

Uchague vipi kwa hali yako

Una Jumamosi na Jumapili tu: Uluguru, kwa treni, ulale Morningside, alfajiri ukingoni mwa msitu njia ya Bondwa. Uwe umeshuka mjini saa nane mchana ili treni ya jioni isikupe presha.

Una siku tatu na hujawahi kulala hemani: Magamba. Usiku wa kwanza chumbani, wa pili hemani, ili ujue kama vifaa vyako vinahimili kabla hujavitegemea mahali pasipo na nyumba.

Una siku tatu na umeshaujua msitu: bado Magamba au Uluguru, si Mwanihana. Kwa Uluguru, usiku wa kwanza Morningside kwa ajili ya ndege na wa pili Lupanga kwa ajili ya mlima, kwa mpangilio huo huo, kwani miguu ya Lupanga haitulii kesho yake.

Una siku tano na wenzako: Mwanihana, kati ya Julai na Oktoba. Kama nusu ya kundi hawajali ndege, mtakwaruzana juu ya saa ya kuanza kutembea. Elewaneni kabla ya kulipa, au wao wafuate Sanje na nyinyi mpande.

Uko na watoto wa umri wa shule ya msingi: Magamba, na vinyonga wa usiku watawashika kuliko ndege yeyote.

Lengo lako ni picha: Magamba kwa mwanga, Uluguru kwa chozi wa Loveridge kwenye maua. Mwanihana msitu mzito utakulazimisha kupiga kwa mwanga hafifu na lenzi nzito umeibeba kilomita 38.

Bado hujui kama utazipenda asubuhi za namna hii: kabla ya mlima wowote, nenda misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe, ukiwa na begi lenye uzito uleule utakaopanda nao. Uwe umeshalipia na kuingia mapema, utembee kidogo, usikilize sana. Ikifika saa tatu mabega yakawa yanauma, toa kitu kwenye begi, na ukate tiketi ya Morogoro baada ya hapo.